Kinjeketile kaozeshwa mke kwenye singeli: ubunifu au dharau?

Ticha_wa_Zamu (Lindi mjini)
Wadau wa Lindi na Mtwara, habari za mchana. Kuna wimbo wa kijana wa hapa mjini unaruka simu hadi simu, wiki ya tatu sasa. Jina lake silitaji, nilimfundisha juzi tu. Kachukua Kinjeketile, ile tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, kaipigia singeli. Sina tatizo na singeli. Tatizo ni mwisho. Kwenye kitabu jamaa anaishia mikononi mwa Wajerumani na anakataa kusema yale maji ya dawa ya kuzuia risasi yalikuwa uongo. Kwenye wimbo anatoroka usiku, anapanda ngalawa, anashukia Kitunda, ng'ambo ya pili, na anaoa! Kiitikio: "Maji yamekauka, bibi harusi kalowa."

Jana nimeingia kidato cha tatu, nikauliza kwa kupima tu: nini kilimpata Kinjeketile? Vidole kama kumi na viwili juu. "Alioa, ticha."

Swali langu: msanii akichota kwenye kitabu, ana ruhusa ya kugeuza mwisho? Hoja, jamani, si matusi.

Dogo_Fleva
Shikamoo ticha. Mbona hili jambo la kawaida? Taylor Swift 2008, Love Story. Shakespeare aliwalaza Romeo na Juliet kaburini wote wawili, yule dada kamaliza kwa pete na gauni jeupe. Dunia nzima iliimba. Ali Kiba naye kaimba Cinderella, tumeicheza kwenye kila harusi kuanzia Masasi mpaka Nangurukuru, na sijasikia mtu akiuliza kiatu kiko wapi. Mwacheni dogo ale matunda ya jasho lake.

Mmatumbi_Halisi
Romeo hakuwa babu wa mtu.

Huyu mnayemwoza kwenye singeli alikuwa mtu, na watu wake wapo. Kwetu Nandete ndiko walikong'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905, ndiko vita vilikoanzia. Njaa iliyokuja baada ya Mjerumani kuchoma mashamba iliua kuliko risasi. Bibi yangu alikuwa hatupi hata ganda la muhogo, na yeye alisimuliwa tu. Leo mtoto wa juzi anatuletea bibi harusi kalowa. Kalowa nini?

Dogo_Fleva
Kalowa maji ya bahari mkuu. Ngalawa hiyo. Akili yako ndiyo imekwenda kwingine.

Binti_Mikindani
Naomba niingie taratibu. Ticha na kaka yangu Mmatumbi mnasahau kitu kimoja. Ebrahim Hussein mwenyewe aliweka wazi kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Yule wa historia ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tazameni hata herufi za jina. Kwa hiyo wa kwanza kumgeuza ni mwandishi, na tukampigia makofi. Dogo wa Lindi kageuza kilichokwisha kugeuzwa. Tumuulize kama kageuza vizuri. Ruhusa ni swali jingine.

Na kuchota si lazima uwe umekimeza kitabu kizima. Mwimbaji Kate Bush wa Uingereza alianza kwa kuona mwisho wa igizo kwenye televisheni, kitabu cha Emily Brontë akakitafuta baadaye. Akaandika wimbo wa Wuthering Heights, jina lilelile la kitabu, akiwa na miaka 18. Mwaka 1978 wimbo ukakaa namba moja kwao wiki nne. Humo anaimba yeye ndiye mzimu wa Cathy, dada wa kwenye kitabu, yuko nje usiku, anasikia baridi, anamwomba mwanamume amfungulie dirisha. Kitabu kina kurasa mia kadhaa, yeye kachukua dirisha tu.

Kariakoo_Shimoni
Dada umeandika vizuri sana, ila unamwandikia nani? Huko Kusini kitabu mnakiona kimefungia karanga.

Konde_Asilia
Huyu katokea wapi?

Konde_Asilia
Wewe wa Kariakoo nisikilize. Hao wanaouza soksi mbele ya duka lako unawaitaje? Wamachinga. Jina hilo limetoka wapi kama si Lindi? Mwandishi wa kitabu tunachojadili hapa kazaliwa wapi? Kilwa! Mkoa wa Lindi! Harmonize unayemcheza hapo dukani kwako ni wa Chitoholi, Tandahimba. Mwandishi wetu, mwimbaji wetu, mpaka mtu wa kukubebea mzigo wetu. Wewe unachangia nini zaidi ya joto?

Kariakoo_Shimoni
Hahaha povu hilo. Nimesema wasomaji, wewe unanitajia wazaliwa. Nenda duka la vitabu Mtwara uombe riwaya, utapewa daftari la kurasa 96 na picha ya pasipoti.

Mama_Ufuta
Hapo kasema kweli, tusigombane na kioo. Nilitafuta kitabu cha hadithi cha mwanangu Nachingwea nzima. Nilichopata ni mitihani iliyopita.

Konde_Asilia
Dada, hata wewe? Mbele ya mgeni?

Shangani_Pwani
Mimi hilo la karanga halinichomi, kwa sababu ni kweli na ndiko nilikosomea. Mwaka ule nilikuwa kuli stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara. Kulikuwa na mama anauza karanga za kukaanga, anachana vitabu vya zamani na kukunja vikaratasi vya pembe. Siku moja nikamaliza karanga, nikakunjua karatasi nifute mikono, nikaona watu wanajibizana. Fulani kasema, nukta mbili. Fulani kajibu, nukta mbili. Mafuta yamelowesha karatasi mpaka unaona maandishi ya upande wa pili yamegeuka kichwa chini. Watu wanabishana kama wamwamini aliyetoka mtoni akiwa mkavu, au ni kichaa.

Nikarudi kwa mama. "Nipe nyingine ya hamsini." Karatasi ya hisabati. Nyingine. Hisabati tena. Nilikula karanga za mia tatu siku ile nikapata kurasa nne tu, tena si za kufuatana, na tumbo likanisokota mpaka asubuhi. Mwisho wa kitabu ulikwenda na mteja mwingine, labda abiria wa Newala. Kwa hiyo ticha, mimi wimbo wa huyo dogo ndio mwisho pekee ninaoujua. Kwangu mzee kaoa.

Dogo_Fleva
😂😂 Mzee Shangani umenimaliza. Fungeni uzi.

Kariakoo_Shimoni
Si mmeona? Karanga! Shahidi wenu mwenyewe.

Binti_Mikindani
Kaka wa Kariakoo, mtu aliyenunua karanga za mia tatu kutafuta ukurasa amesoma kuliko wewe unayemiliki rafu. Na hakuna aliyenijibu nilichosema kuhusu utangulizi.

Mzee_wa_Ghalani
Hamjambo. Mimi niko ghala la korosho la chama cha msingi, sitataja kijiji. Wiki iliyopita tunapanga magunia kusubiri mnada, kijana mmoja wa kubeba kaning'iniza kispika kwenye msumari, wimbo huo ukapita. Kuna mzee wetu anashona midomo ya magunia, mtu wa miaka themanini hivi. Aliposikia jina akasimamisha sindano hewani, uzi umening'inia. Akauliza, "Wanamtaja nani?" Tukamwambia. Akasikiliza mpaka pale pa ngalawa, akacheka, akarudi kushona. Hakusema neno. Mpaka leo sijui alicheka kwa kupenda au kwa kudharau.

Maoni yangu: wimbo kama huo ni kangomba. Unamkuta mwenye shida kabla ya msimu, unachukua mali yake bila mizani kwa bei ya kutupa, unakwenda kuuza juu. Hadithi ni ya watu wa Matumbi, hela ya wimbo inakwenda kwa mwingine.

Dogo_Fleva
Mzee wangu kwa heshima zote, kangomba ni kununua ghafi na kuuza ghafi. Huyu kabangua. Hadithi ilikuwa imelala kwenye ganda toka mwaka 69, yeye kaitoa utomvu, kaikaanga, kaitia chumvi. Tunalalamika kila mwaka korosho zinapanda meli kwenda India na maganda yake, leo mtu kabangua cha kwetu hapahapa mnamwita mwizi.

Mama_Ufuta
Kubangua kunachubua vidole dogo. Huyo kachubuka wapi?

Konde_Asilia
Msitutajie mnada hapa, tafadhali. Mimi malipo yangu ya awamu ya pili hayajaingia.

Mzee_wa_Ghalani
Umehakiki akaunti? Wengi namba zinakosewa kwenye fomu.

Konde_Asilia
Nimehakiki mara tatu mzee. Karani ananiambia mtandao. Mtandao gani wa miezi miwili?

Ticha_wa_Zamu
Jamani, mada. Kitabu. Mwisho. Ruhusa.

Mwanasheria_Njaa
Ticha nakujibu bure, maana ndiyo bei yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Shaaban Robert alifariki 1962, hesabu mwenyewe, unaweza kuimba Kusadikika mpaka sauti ikauke. Tamthiliya ya 1969 bado iko ndani ya ulinzi. Lakini kinacholindwa ni maneno na mpangilio wa mwandishi. Mtu aliyeishi Ngarambe na vita vya 1905 havina mwenyewe. Dogo akiwa kachukua historia, yuko salama. Akiwa kanyanyua majibizano ya kwenye tamthiliya, aanze kutafuta wakili, namba yangu anayo.

Wenzetu hili lilishawakuta. David Bowie, mwimbaji wa Uingereza, alitaka kufanya mchezo wa muziki kutoka kitabu cha George Orwell kinachoitwa "1984". Mjane wa Orwell akakataa. Bowie akabaki na nyimbo mkononi, akazitumbukiza kwenye albamu ya Diamond Dogs mwaka 1974.

Mmatumbi_Halisi
"Havina mwenyewe"?? Rudia hilo ukiwa Kipatimu. Njoo urudie mbele ya wazee.

Mwanasheria_Njaa
Kisheria, mkuu. Kisheria.

Mmatumbi_Halisi
Sheria hiyo ilikuwepo bibi yangu anakula mizizi? Kinjikitile ni wetu Wamatumbi, wa Kilwa. Mkitaka kumwimba mje muombe.

Utete_Mjini
Samahani, napita tu. Ngarambe iko Rufiji. Mohoro iko Rufiji. Mkoa wa Pwani. Mtu kaishi Rufiji, kanyongwa Rufiji, nyinyi Lindi mnagombania urithi?

Mmatumbi_Halisi
Haya, na Rufiji imekuja. Mipaka ya mikoa kaiweka nani? Mjerumani alipokuja mlikuwa na mkoa wa Pwani?

Utete_Mjini
Na nyinyi mlikuwa na mkoa wa Lindi?

Konde_Asilia
Hapa Mtwara tumekaa pale 🍿

Kariakoo_Shimoni
Popokoni au korosho?

Binti_Mikindani
Mnagombania maiti kama wake wenza, na bado hakuna aliyenijibu. Mwandishi kabadilisha historia akaitwa gwiji. Mwimbaji kabadilisha kitabu anaitwa mwizi. Tofauti ni nini, zaidi ya kwamba mmoja ana jalada na mwingine ana flashi?

Ticha_wa_Zamu
Dada, nimekuona toka mwanzo, nilikuwa nahofia kukujibu. Kwangu tofauti ni hii. Ebrahim Hussein alipombuni wake, alimwongezea mzigo. Kinjeketile wa kitabu anagundua neno alilolitoa limeshakuwa kubwa kuliko yeye, halirudi tena, na akilikana watakaokuja wataambiwa mababu zao walipigania upuuzi. Dogo kamtua mzigo wote, kampa mke na ngalawa. Ningeona mtu kabadilisha mwisho akaufanya mgumu zaidi, ningekaa kimya.

Binti_Mikindani
Hapo nimekuelewa. Sijakubali, ila nimekuelewa. Kuoa nako ni mzigo, ticha.

Mama_Ufuta
Amina.

Shangani_Pwani
Dada Mikindani, ule mzimu wa Uingereza unaogonga dirisha umenisumbua toka mchana. Mizimu ya kwetu tunaipelekea sisi unga na kitambaa, haiji kuomba hodi. Kwa hiyo yule mwanamume alifungua au hakufungua?

Binti_Mikindani
Kwenye wimbo hatuambiwi kaka. Anaomba mpaka gitaa linamaliza.

Shangani_Pwani
Basi na huo nao karatasi yake ya mwisho iliuzwa na karanga.

Dogo_Fleva
Ticha, jamaa mwenyewe nimemtumia uzi huu. Anasema kitabu hajawahi kukishika. Alisimuliwa na wewe darasani, siku ya mtihani wa majaribio, kengele ikalia kabla hujafika mwisho.

Konde_Asilia
😂😂😂😂

Mmatumbi_Halisi
Ticha?

Ticha_wa_Zamu
Inawezekana. Vipindi vya Ijumaa vilikuwa vifupi.

Nakala ninayo moja, yangu mwenyewe, jalada limetoka. Mwambie aje aichukue nyumbani jioni.

Shangani_Pwani
Akimaliza yeye ni zamu yangu, ticha. Mpe kondakta wa Kosta ya asubuhi inayokuja Mtwara, mimi nitamsubiri Mkanaledi. Ila nauli ya kifurushi tugawane, hali mbaya.