Mjadala: Je, benki zetu ziwe na hisa katika viwanda?

Msomaji wa Parklands: Deutsche Bank ilipoanzishwa Berlin mwaka 1870, miongoni mwa wakurugenzi wake wa kwanza alikuwa Georg von Siemens, mtu wa ukoo ule ule wa kiwanda cha Siemens. Baadaye benki kubwa za Ujerumani zilikopesha viwanda, zikashika hisa zake na kuketi katika bodi zake, hata zikajua mapema ni kipi kinayumba na kwa nini. Hapa kwetu benki hungojea hati miliki ya ardhi, na ikikosekana hununua hatifungani za serikali. Najua mafundi wetu nao hawaweki hesabu, lakini je, hatuwezi kuiga mfano huo?

Mhasibu wa Upper Hill: Ndugu, ukaribu huo una hatari yake. Korea Kusini ilielekeza mikopo ya benki kwa makampuni makubwa kwa miongo kadhaa, na uchumi ukapaa. Januari 1997 kampuni ya chuma ya Hanbo ilianguka na madeni yake, nyingine zikafuata, na kabla ya mwaka kwisha nchi ilikuwa imeomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Sheria yetu hairuhusu benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki hiyo, nami naiunga mkono.

Fundi wa Kariobangi: Ya Ujerumani nimeyasoma, lakini kilichonichoma ni kuambiwa kwamba mafundi hatuweki hesabu. Ninaunda mashine za kukata nyasi za mifugo, na kwa miaka tisa nimeandika kila shilingi katika daftari. Nilipoomba mkopo wa mashine ya kukunja mabati, nilibeba madaftari yote pamoja na taarifa zangu za M-Pesa. Afisa hakufungua hata ukurasa mmoja. Aliniuliza shamba langu liko wapi. Sheria ya mwaka 2017 inaruhusu mashine na hata bidhaa zilizo ghalani ziwe dhamana. Nani anaitumia kwa mtu kama mimi?

Msomaji wa Parklands: Niwie radhi, mzee, nilitaja mafundi wote kwa jumla. Hata hivyo swali langu lilihusu hisa.

Mhasibu wa Upper Hill: Daftari si hesabu zilizokaguliwa. Benki hukopesha akiba za watu, na wenye akiba katika Chase Bank wanakumbuka walivyoikuta milango imefungwa Aprili 2016.

Mama wa Gikomba: Mhasibu, hesabu za kiwanda cha sukari cha Mumias zilikaguliwa mwaka baada ya mwaka, hisa zake zikiuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na bado mwaka 2019 benki ya KCB ilikiweka kiwanda hicho chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, huku wakulima wakidai malipo ya miwa yao. Muhuri wa mkaguzi uliwasaidia nini? Ada ya ukaguzi unayoidai kwa fundi ingemnunulia vyuma vya mwezi mzima.

Mhasibu wa Upper Hill: Sijasema fundi ni mwongo, mama. Nasema benki haina njia ya kulithibitisha daftari lake.

Fundi wa Kariobangi: Njia ipo, nayo ni kufika. Jumamosi niko Light Industries tangu saa mbili asubuhi. Njoo na kalamu yako tulipitie pamoja, na ukipata kosa nitaliandika hapa mimi mwenyewe.