Mjadala: Je, Mkristo analazimika kumrehemu mtu ambaye hajatubu?

Mtafuta_Amani: Wakuu, Bwana asifiwe. Mweka hazina wa kwaya yetu alitafuna mfuko wa kusaidia wagonjwa. Kakiri kwa shingo upande baada ya daftari kukaguliwa, hajalipa, hajasema hata samahani. Jumapili kaja mazoezini, kaketi kiti chake kilekile, kafungua kitabu cha nyimbo, akauliza tuko ukurasa wa ngapi. Mwalimu wa kwaya anatuambia "heri wenye rehema". Nusu yetu tumegoma kuimba. Mnaonaje?

Fundi_wa_Neno: Luka 17:3, "akitubu msamehe". Hajatubu, basi. Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, alisimama mwenyewe akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Ila wanakwaya nanyi kwa vinyongo hamjambo, makanisa yote ni hivyohivyo.

Sauti_ya_Kwanza: Wanakwaya tumekukosea nini wewe? Tunasimama saa nzima kwenye misiba yenu, koo zimekauka, halafu tunaitwa watu wa vinyongo. Futa kauli.

Mama_Upendo: Fundi, mwanangu, soma Luka 19 kwa utaratibu. Yesu alimwambia Zakayo "shuka upesi" angali juu ya mkuyu, akasema atashinda nyumbani mwake. Ahadi ya mara nne ilikuja baadaye. Rehema ndiyo iliyotangulia.

Fundi_wa_Neno: @Sauti_ya_Kwanza sifuti. Nani asiyejua ugomvi wa sauti ya kwanza na ya pili kuhusu nani asimame mbele?

Besi_Mzito: Hapo kasema kweli 😂

Sauti_ya_Kwanza: Besi nyamaza, nyie mnakuja mazoezi yakiwa yameisha.

Mkristo_Huru: Turudi kwenye mada jamani. Papa Yohane Paulo II si alimsamehe yule Mturuki aliyempiga risasi, akamtoa gerezani? Sembuse mweka hazina.

Karani: Hakumtoa. Alipigwa risasi Mei 1981, akaenda kumwona Ağca gerezani Desemba 1983, wakaongea wawili tu. Lakini jamaa aliendelea kukaa jela Italia hadi mwaka 2000. Msamaha ulikuwepo, na kufuli lilikuwepo.

Mkristo_Huru: Kwa hiyo unataka mwanakwaya afungwe miaka 19? Ndiyo roho ya Kikristo hiyo?

Karani: Nimesema wapi?

Mzee_wa_Zamu: Mnasahau Mathayo 18. Mtumwa alisamehewa talanta elfu kumi, deni lisilolipika maisha yote, akaenda kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia, visenti tu. Nyie wagomaji ndio mtumwa huyo.

Mtafuta_Amani: Shikamoo mzee, lakini "visenti" si kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, soma Mathayo 20. Dinari mia ni miezi mitatu na zaidi ya jasho la mtu. Yesu hakusema deni lile ni dogo kwa aliyedai. Na huku kwetu pesa hazikuwa zetu, zilikuwa za wagonjwa. Mimi nasamehe cha mgonjwa kwa mamlaka gani?

Mzee_wa_Zamu: Marahaba. Lakini usinifundishe Biblia, kijana. Talanta elfu kumi huzioni?

Mama_Upendo: Swali lake zuri, mzee, mjibu. Mimi naona yule ndugu aimbe, ila funguo za sanduku asizishike tena. Kumhurumia mtu si kumrudishia daftari. Na kuna aliyekwenda kukaa naye, kumuuliza pesa zilienda wapi? Huenda naye ana mgonjwa ndani.

Besi_Mzito: Huyo mama apewe yeye huo uweka hazina.

Fundi_wa_Neno: Hasha. Akiimba bila kutubu, mnawafundisha watoto kwamba wizi hauna shida ukiwa na sauti nzuri.

Sauti_ya_Kwanza: Tena unaionea wivu sauti. Hebu tuambie, uliwahi kuimba kwaya?

Fundi_wa_Neno: Niliimba. Nikatoka.

Sauti_ya_Kwanza: Ulitoka au ulitolewa?

Fundi_wa_Neno: Hilo halihusiani na mada.

Besi_Mzito: Ahaa! Wakuu, tumempata mwenye kinyongo.

Mtafuta_Amani: Jamani, mazoezi ni kesho jioni. Nakwenda au siendi?