Mtoto akizaliwa mfu, kondo liende shimoni au maabara?

Mleta mada: Wakuu, mtoto akizaliwa mfu au njiti, au mama akipata kifafa cha mimba, kondo la nyuma lipimwe kabla ya kuzikwa. Mara nyingi linatupwa shimoni na majibu yake. Mishipa ya mama inayolilisha isipotanuka mimba ikiwa changa, damu inafika kwa shida: kondo linadumaa na kufanya mabaka magumu yaliyopauka. Ndiyo sura ya kifafa cha mimba. Utando ukijaa chembe nyeupe za damu, aghalabu ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni.

Mkunga: Sayansi siipingi, napinga pupa. Usiku zamu ina mkunga mmoja na wazazi kadhaa. Halafu ridhaa: mama amefiwa sasa hivi, unamwendea na fomu? Wapo pia wanaolizika kondo nyumbani kwa heshima zote.

Fundi wa maabara: Dada mkunga, hakuna haja ya kulichukua lote. Kata vipande vya sentimita 2 kwa 2, unene 1, upande wa mama, katikati ya kitovu na ukingo. Tia kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama. Lililobaki lirudi kwa familia, halijaguswa na dawa. Kama fundi amechelewa, friji nyuzi 4. Usiligandishe, barafu inapasua seli. Na formalini iwe na bafa, yaani chumvi za kuzuia tindikali! Isipokuwa nayo inageuka tindikali na kuacha punje za kahawia zinazofanana kabisa na rangi inayoachwa na malaria. Hapo mama atasomewa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Mwanapatholojia: Vipande hivyo vinatosha kwa malaria, si kwa kifo cha mtoto. Makubaliano ya Amsterdam ya 2014, ya wataalamu wa kuchunguza kondo, yanataka angalau bloku nne (vipande vya nta vyenye sampuli): moja ya kitovu na utando uliokunjwa, tatu za unene wote wa kondo. Uzito nao upimwe baada ya kukata kitovu na utando na kutoa mabonge ya damu. La miezi tisa huwa gramu 400 hadi 600 hivi. Mizani tu inahitajika, lakini wengi wanapima na damu zake. Tusisahau, makondo ya akina mama wa Kisumu ndiyo yaliyoonyesha, mwaka 1996, kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria hunata kwenye kondroitini salfeti A, aina ya sukari iliyo kwenye kondo. Utafiti wa chanjo ya malaria ya wajawazito ulianzia hapo.

Mkunga: Basi ridhaa iombwe kliniki, hudhurio la wiki ya 20, iandikwe kwenye kadi, na mama akibadili mawazo aheshimiwe. Hilo nitalitetea. Ila majibu yarudi kwa mama mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, kabla hajabeba mimba nyingine. Kama yataishia kwenye faili, mwacheni azike kondo lake.