Tupeane uzoefu: GPU tulivu na ya bei nafuu kwa mashine zetu za Tanga

Wakuu, kila anayetaka kucheza gemu kwenye desktopu huuliza GPU (kadi ya picha) gani ina nguvu kuliko zote kwa hela aliyonayo. Uzi huu uwe wa swali jingine: ipi inatosha kucheza kwa 1080p, haimalizi mfuko, na haivumi kama feni ya dari wakati watu wa nyumbani wamelala? Mnaozijua kadi hizi wekeni vitu vya kupimika: wati, feni, mitego ya ununuzi, na namna ya kuituliza kadi ambayo mtu tayari anayo.

Mdau wa Chumbageni

Anza na wati, mengine yafuate. Umeme wote unaoingia kwenye kadi hutoka kama joto, na joto hilo ni feni zinazoliondoa. Kadi ya wati 75 na ya wati 185 zikivaa hitisinki (chuma cha mapezi kinachopoza chipu) za ukubwa mmoja, ile ya pili haina namna ila kuzungusha feni kwa kasi. Na kelele haipandi taratibu: feni ileile ikizungushwa kasi mara mbili, inaongeza takriban desibeli 15. Ndiyo maana kupunguza wati 40 au 50 kunasikika hadi chumba cha pili.

Kwa zinazopatikana kwa mtumba: GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ni wati 75, kumbukumbu GB 4. GTX 1660 Super ni wati 125 na GB 6. RX 6600 ni wati 132 na GB 8. RX 580 ni wati 185. Angalia hapo RX 6600 na RX 580 ya GB 8: kumbukumbu ni sawa, ya kwanza inaipita mbali ya pili kwenye gemu, na bado inakula wati 53 chini yake. Wauzaji wanaisukuma RX 580 kwa sababu ni rahisi. Kwa anayetaka utulivu, urahisi huo unalipiwa kila siku kwenye masikio na kwenye LUKU. Linganisha RX 580 na GTX 1650: tofauti ni wati 110. Ukicheza saa 4 kwa siku, siku 30, hiyo ni yuniti 13.2. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, si kidogo.

Uamuzi wangu: kama pawa saplai ina plagi ya pini 8 kwa ajili ya GPU, tafuta RX 6600 ya feni mbili zenye upana wa karibu milimita 90. Kama plagi haipo, GTX 1650, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, ya wati 70. Feni moja ndogo katikati ya hitisinki ya alumini isiyo na bomba hata moja la shaba, iache, hata kama chipu ni ileile.

Mdau wa Ngamiani

Niongezee upande wa mashine za ofisini, maana ndizo nyingi huku kwetu. OptiPlex 7010 ya Dell, ya kizazi cha 3 cha Intel, ile nyembamba ya SFF, ina pawa saplai ya wati 240; ya mnara ina wati 275. Zote hazina plagi ya GPU, kwa hiyo kila kitu kinatoka kwenye sloti, na sloti ina kikomo cha wati 75.

Hapa ndipo watu wanauziwa waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa pini 6. Msinunue. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 ya GPU inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki ya ile plagi inaanza kuwa ya kahawia, kisha inayeyuka, na moto wa ndani ya kesi huuoni mpaka unusie.

Jambo la pili, kesi ya SFF inataka kadi fupi kwa kimo, yenye bati fupi la nyuma. Ulizia bati lenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu mitumba mingi inakuja na bati refu tu na kulipata fupi peke yake ni kazi. Pia pima nafasi: kadi nyingi fupi zinakula nafasi ya sloti mbili. Na feni zake ni ndogo, kwa hiyo hata kwa wati 75 zitasikika kuliko feni kubwa. Kama hujanunua mashine bado, chukua ya mnara. Unapata kadi ya kawaida, hewa zaidi na kelele pungufu kwa nyongeza ndogo tu.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Ngamiani, vipi RX 6400? Inasifiwa kuwa ni wati 53 tu na inaingia kwenye sloti moja.

Mdau wa Ngamiani

Kwa wati ni nzuri kweli. Tatizo ni njia zake: inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani za kupitishia data kati ya sloti na mashine. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0 inapata karibu GB 8 kwa sekunde, kwenye 3.0 karibu GB 4, na kwenye 2.0 karibu GB 2. Gemu ikijaza zile GB 4 za kumbukumbu, kadi inaanza kukopa rami ya mashine kupitia njia hiyo nyembamba, na hapo picha inakatakata. Pia haina kisimbaji cha video, kwa hiyo anayerekodi gemu ataibebesha prosesa kazi hiyo. Kwenye OptiPlex ya zamani, GTX 1650 yenye njia 16 ni salama zaidi. Arc A380 nayo ni wati 75, lakini inategemea Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), ambayo mashine hizo za zamani hazina. Ipite.

Mdau wa Makorora

Kwa mtumba, mambo mawili ya kujihadhari. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP: hiyo ina viini 2048 kama RX 570, wakati RX 580 halisi ina 2304. Si kadi mbovu, ila bei yake isiwe ya RX 580. Na kuna kadi za kughushi kabisa: chipu ya zamani kama GTX 550 Ti imewekewa BIOS inayojitambulisha kuwa GTX 1050 Ti. Windows inaamini jina, draiva ndiyo inagoma.

Kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji awashe mashine na ufungue GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi. Matoleo ya sasa yanaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Linganisha idadi ya viini na upana wa basi ya kumbukumbu: GTX 1650 ni viini 896 na biti 128, GTX 1660 Super ni 1408 na biti 192. Kisha iendeshe kwa mzigo dakika 15 bila kukatiza, maana kadi yenye kumbukumbu mbovu mara nyingi inaonyesha vidoti vya rangi ikishapata moto. Wakati huo tega sikio. Mvumo wa hewa ni wa kawaida na unarekebishika. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa feni ni beringi imeisha, omba gharama ya feni mpya ipunguzwe kwenye bei ya kadi. Mluzi mwembamba unaobadilika picha ikibadilika ni koili, na huo hautibiwi kwa kubadilisha feni.

Mdau wa Raskazone

Tulio karibu na bahari tuna adui wa pili: unyevu wenye chumvi. Vumbi linashikamana kwenye mapezi ya hitisinki kama utando, hewa haipiti, feni zinapanda. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba kinaweza kuwa nyuzi 32 mchana, na kadi iliyokuwa tulivu mwezi Julai inaanza kufoka.

Usafi wake: chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, toa kadi. Zuia feni kwa kijiti kabla ya kupuliza. Ikizunguka ovyo kwa upepo mkali beringi inaumia. Msiipeleke kwenye kompresa ya gereji ya matairi: hewa yake inabeba maji na mafuta. Tumia blowa ndogo ya umeme na brashi laini ya rangi.

Kama joto halishuki baada ya hapo, badili pesti, ile ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki. Legeza skrubu nne zinazozunguka chipu kwa mtindo wa msalaba, zungusha hitisinki kidogo badala ya kuivuta, na chomoa waya wa feni kabla haijakatika. Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Pesti mpya tone la ukubwa wa choroko mbili, chipu yote ifunikwe. Zile pedi za kumbukumbu zikichanika, pima unene wake kabla ya kununua nyingine: ukiweka ya milimita 2 palipokuwa na ya 1, hitisinki haikai vizuri juu ya chipu na joto linapanda kuliko mwanzo. Skrubu zenye kutu zibadilishwe hapohapo.

Mdau wa Mabawa

Kabla ya kubadilisha kadi, fungeni fremu, yaani wekeni ukomo wa idadi ya picha kwa sekunde. Kioo chako kikiwa cha hezi 60, fremu 140 ni joto la bure. Weka kikomo cha 60 ndani ya gemu au kwenye draiva. Menyu za gemu ndizo zinazofanya koili zipige mluzi, kwa sababu fremu zinafika mamia. Ukizifunga, mara nyingi mluzi unapotea.

Baada ya hapo, MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi. Shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80. Unapoteza fremu chache kuliko unavyodhani. Kwa kadi za NVIDIA bonyeza Ctrl na F kufungua mchoro wa volti na kasi, chagua nukta ya volti 0.900, ipandishe hadi MHz 1800 kama ni GTX 1660 Super, nukta zote za kulia zilaze usawa huo, hifadhi. Gemu ikijifunga, shusha MHz 30 na ujaribu tena. Kwenye GTX 1650 isiyo na plagi kuna faida ya ziada: kadi hiyo hugonga ukomo wa wati 75, kwa hiyo kushusha volti kunaipa nafasi ya kuongeza kasi.

Mstari wa feni: asilimia 30 hadi nyuzi 55, 45 kwenye 70, 60 kwenye 78. Usiogope nyuzi 75. NVIDIA za aina hii zinaanza kujipunguza zenyewe kwenye 83. Kama feni zinawaka na kuzima kila dakika, ongeza tofauti ya joto ya kurudi hadi nyuzi 5 kwenye seti za Afterburner, au ziache zizunguke taratibu muda wote. Sikio linazoea sauti moja. Kuwaka na kuzima ndiko kunakosumbua.

Mwanzisha mada

Na anayeagiza mashine yenye kadi kutoka Kariakoo ije kwa basi hadi stendi ya Kange?

Mdau wa Makorora

Kadi itolewe kwenye mashine. Ya feni mbili ni nzito, na ikining'inia kwenye sloti safari nzima inaweza kuvunja kufuli la sloti au kupasua solda. Iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji, kisha boksi gumu. Mwambie muuzaji apige picha ya stika ya namba nyuma ya kadi kabla hajafunga, ulinganishe ukipokea.