Naombeni ushauri: nimepangwa kutetea faini kwa abiria wa bodaboda wasiovaa kofia ngumu, nijitoe kwenye mdahalo?

Kijana wa Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanachuo hapa Dar, mwaka wa mwisho. Jumamosi tuna mdahalo chuoni na mada ni kwamba abiria wa bodaboda asiyevaa kofia ngumu atozwe faini sawa na dereva. Nimepangwa upande unaounga mkono, tena mzungumzaji wa kwanza.

Maoni yangu nayaweka wazi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati huo bodaboda kama biashara haikuwepo. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zikaja 2010. Simama pale Ubungo asubuhi uhesabu abiria wenye kitu kichwani. Dereva kavaa, ya abiria imening'inia kwenye usukani au haipo kabisa. Na tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 zinaonesha kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria akijua faini ni ya dereva tu, haoni kama inamhusu. Naamini naye awajibike.

La pili nitagusia bima ya afya kwa wote. Bunge lilipitisha sheria yake Novemba 2023, lakini mtu asiye na kadi akivunjika, wanaochangishwa ni ukoo mzima. Kwa hiyo usalama barabarani na afya kwangu ni mjadala mmoja.

Shida ni kwamba nimeanza kusita. Kuna mtu atakuwepo ukumbini ambaye nahisi hatafurahi nikiyasema hayo. Niende au nijitoe? Matusi hapana, tafadhali.

Mzee wa Magomeni:
Kijana, kwanza shikamoo hujatoa, ila marahaba. Sisi tulipanda Ikarusi za UDA, zikijaa tunatembea kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Magomeni na hakuna aliyekufa. Ninyi kila mtu ana haraka, hata wa kwenda kunyoa anapanda pikipiki. Ushauri wangu: soma, mdahalo hauna cheti.

Binti Tandika:
Nimesoma nikakasirika. Hivi mnaojadili hizi helmeti mmewahi kuivaa ya abiria? Tangu asubuhi imepita vichwa vya watu wasiojuana, ndani imeloa jasho, sponji imechanika, mkanda haufungi. Mwaka juzi nilipata mapunye, daktari akaniuliza kama napanda bodaboda. Nimesuka rasta kwa hela nyingi, halafu niweke lile dude? Nipeni safi kwanza ndipo mnitoze faini.

Kibosile wa Tabata:
Mtu wa ukumbini ni mpenzi wako wa zamani, sema tu tukushauri vizuri.

Nesi wa Zamu:
Binti, nakuelewa, ila niseme ninachokiona kazini. Mgonjwa aliyegonga kichwa akizinduka haulizi rasta zake zimeenda wapi. Anauliza "hapa ni wapi?" Unamjibu. Baada ya dakika mbili anauliza tena, kwa sauti ile ile, kama hujamjibu. Mama yake amekaa pembeni anajaribu kucheka ili asilie. Wengine hali hiyo inaisha, wengine wanarudi nyumbani nayo. Wakati wa corona mwaka 2020 hata zile helmeti chache za abiria zilipotea, watu wakaogopa kuvaliana, na sidhani kama zimewahi kurudi.

Mtoa mada, mtu gani huyo ukumbini? Bila hilo hatuwezi kukushauri.

Mwana Temeke:
Mimi nipo kwenye hoja yenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na sote tulisema haiwezekani. Ikawezekana, kwa sababu waliobanwa hawakuwa akina mama wanaotoka sokoni peke yao. Alibanwa anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza. Viroba vya pombe hivyo hivyo, Machi 2017. Sasa kwenye pikipiki mnataka kumbana wa mwisho kabisa, aliyepunga mkono barabarani. Mwenye pikipiki yuko wapi?

Kijana wa Kimara:
Asanteni kwa michango. Mwana Temeke, mwenye pikipiki hayupo barabarani, hawezi kumlazimisha mtu mzima avae. Nesi, huyo mtu ni dada mmoja, mwanachuo mwenzangu wa kozi nyingine. Alipata ajali ya bodaboda na sasa anatembelea magongo. Rafiki zake ndio wengi upande wa pili.

Nesi wa Zamu:
Pole yake. Sasa ajali yake inakuzuiaje wewe kutetea kofia? Si ingekupa nguvu? Kuna kitu hujasema.

Mwana Temeke:
Pikipiki ilikuwa ya nani?

Kibosile wa Tabata:
Nimevuta kiti.

Kijana wa Kimara:
Ni yangu. Lakini siendeshi mimi, kuna dogo ananiletea hesabu elfu nane kwa siku, ndiyo inayonilipia ada na chumba. Helmeti ilikuwepo moja, dogo ndiye aliyekuwa ameivaa.

Kabla hamjanishambulia: hata huyo dada angepewa asingevaa, ana rasta kama Binti Tandika hapo juu. Ndiyo maana tumekubaliana na dogo kwamba mtu akiuliza, aseme alimpa akakataa. Kwa mantiki ni kitu kile kile. Na hotuba nimeshaituma kwa mwenyekiti wa mdahalo, mfano wangu mkuu ni abiria wanaokataa kofia. Kuibadilisha sasa ni kuliangusha kundi zima.

Binti Tandika:
Usinifanye mimi ushahidi wako! Mimi nakataa chafu. Yeye hata hiyo chafu hakupewa. Humjui angesema nini kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mzee wa Magomeni:
Kijana, hapo umeniangusha. Unamfundisha mdogo wako uongo halafu unapanda jukwaani kuhutubia usalama wa raia. Waliokulea wangesikia wangesemaje? Mimi marehemu baba aliniachia baiskeli moja tu, na siku nilipomgonga mtoto wa jirani nilimbeba mwenyewe hadi zahanati, usiku, mvua inanyesha, na gharama zote nikabeba mimi...

Mkemia wa Mbagala:
Wakuu, mnapigwa chai na mnakunywa bila kupuliza. Anasema kofia, halafu majeruhi anatembelea magongo. Tangu lini helmeti inalinda mguu? Pili, nimepekua nyuzi zake. Mwaka jana alikuwa hapa hapa akitafuta pikipiki ya mkataba, analia hana hata nauli. Leo ni bosi analetewa hesabu. Huyu anajaribu hotuba yake kwetu aone hoja ipi inauma, basi.

Kibosile wa Tabata:
Hata mimi hiyo elfu nane ilinishtua. Kwa Dar ya sasa nani anapokea elfu nane? Kijiweni kwetu ni elfu kumi.

Dereva Mstaarabu:
Inategemea. Ya mkataba ni elfu kumi hadi chombo kiwe chako. Ya hesabu ya kawaida elfu saba au nane, na mafuta unaweka mwenyewe. Halafu mabosi wenyewe hawanunui helmeti ya pili. Nilimuomba wangu akaniambia nunua wewe kwenye posho. Nikanunua. Iliibiwa kijiweni wiki hiyo hiyo. Mnapotulaumu madereva mjue na hilo.

Mkemia wa Mbagala:
Mmeshatoka kwenye mada. Mtoa mada jibu hoja, au moderata afunge uzi.

Kijana wa Kimara:
Mkemia, uzi wa mwaka jana ni wangu kweli. Nilipata hiyo ya mkataba, nikaendesha asubuhi na usiku katikati ya vipindi, nikamaliza, kadi ikaandikwa jina langu. Muhula uliofuata masomo yakanizidi nikamkabidhi dogo. Sioni uongo uko wapi.

Mguu: ilikuwa barabara ya Mandela, kabla hujafika Buguruni. Gari ndogo ilikata kona bila indiketa, dogo akalala nayo. Dada akagonga kichwa kwenye ukingo wa barabara, ameshonwa juu ya sikio, na mguu ukabaki chini ya injini. Kichwa kinaendelea vizuri. Mguu ndio wamefunga antena, vile vyuma vya nje. Hakuwa amelipia bima ya wanafunzi mwaka huu, ile ya 50,400, kwa hiyo nyumbani kwao wanalipa taslimu na wameshauza shamba. Ungekuwa umetunga, ungetunga hivyo?

Mkemia wa Mbagala:
Haya. Hiyo ya shamba imenigusa. Naacha.

Karani wa Bima:
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kijana, swali moja tu: bima ya pikipiki ilikuwa hai siku ya ajali? Nauliza kwa sababu bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine, ni lazima kisheria kwa chombo cha moto, na abiria aliyelipa nauli ana haki ya kudai kupitia hiyo. Mnahitaji PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya polisi na ramani ya ajali. Uhai wa bima unaweza kuuangalia kwa namba ya chombo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Nesi wa Zamu:
Kijana upo?

Kijana wa Kimara:
Nipo. Ilikuwa imeisha. Nimeikata kesho yake asubuhi. Kuna wakala ameniambia tarehe ya ajali ikisogezwa mbele kidogo madai yanaingia, na dada analipwa. Nani anaumia hapo? Kampuni za bima zina hela.

Karani wa Bima:
Usithubutu. Stika siku hizi ni za kielektroniki, mfumo unajua ilikatwa lini. Na ajali iko kwenye kumbukumbu za trafiki kwa tarehe yake. Huo ni udanganyifu, mtaingia ninyi wawili na wakala atakukana.

Sasa nisikilize vizuri. Umesema gari ndogo ilikata kona bila indiketa. Trafiki walichukua namba yake?

Kijana wa Kimara:
Walichukua. Dereva alisimama, jalada liko kituoni.

Karani wa Bima:
Basi dada ana mahali pa kudai: bima ya lile gari, kama trafiki wamethibitisha kosa lake. Familia inauza mashamba na pengine hakuna aliyewaambia hivyo. Na shahidi mkubwa ni nani? Huyo dogo wako. Sasa fikiria dogo anasimama anasema "nilimpa kofia akakataa." Upande wa gari watalishika neno hilo kwa mikono miwili: majeruhi alichangia kuumia kwake kichwani. Fidia inakatwa. Wewe unaona umejikinga, kumbe umempunguzia mgonjwa matibabu.

Binti Tandika:
Umeona sasa?

Kijana wa Kimara:
Hilo la fidia sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Lakini nikikiri kofia ilikuwa moja na bima imeisha, wa kwanza kushtakiwa si mimi?

Karani wa Bima:
Kwa bima iliyoisha, ndiyo, una kosa lako na utalijibu. Tafuta kituo cha msaada wa kisheria, baadhi ya vyuo vya sheria hapa mjini vinavyo na ni bure. Nenda nao kabla hujaitwa. Familia ya dada nao wapeleke huko huko, ila kwa wakili tofauti na wako.

Mwana Temeke:
Na hotuba ibadilishe. Faini ianzie kwa mwenye pikipiki asiyeweka kofia ya pili, safi na yenye mkanda unaofunga. Nilikaa Kigali kidogo, kule anakupa kofia kabla hujakaa, hakuna mjadala. Abiria akipewa akakataa, hapo ndipo mada yenu inaanza kuwa na maana.

Kijana wa Kimara:
Nikisema hivyo nitakuwa nimehamia upande wa pili. Mwenyekiti amesema hotuba zimeshapangwa.

Mwana Temeke:
Huhami. Bado unataka abiria avae.

Nesi wa Zamu:
Umeshakwenda kumwona huyo dada?

Kijana wa Kimara:
Nilimtuma dogo na machungwa.

Nesi wa Zamu:
Nenda mwenyewe. Na uende na hizi habari za bima ya gari, zinawasaidia kuliko machungwa. Ukifika angalia pale vyuma vinapoingia kwenye nyama: kukiwa na usaha au wekundu, waambie warudi kliniki siku hiyo hiyo, wasisubiri tarehe. Watu wengi wanasubiri tarehe.

Mzee wa Magomeni:
Na uende na mtu mzima. Peke yako watakuona mtoto.

Kijana wa Kimara:
Nimeongea na dogo sasa hivi, nimemwambia aseme ilivyokuwa. Amekasirika, anasema nilimfundisha mimi. Kesho baada ya kipindi nakwenda kwao na mjomba wangu. Hotuba nimeanza kuiandika upya, mwenyekiti akikataa namwachia nafasi msaidizi wangu. Kuhusu wakala, nimemwandikia kwamba sitaki. Pikipiki nafikiria kuiuza nichangie antena, ingawa ada ya muhula ujao sijui nitaitoa wapi.

Dereva Mstaarabu:
Usiuze haraka, dogo naye anakula hapo. Nunua kofia ya pili na ukate bima ya mwaka mzima, halafu hesabu ya miezi mitatu ipeleke kwa dada.

Kibosile wa Tabata:
Ukiamua kuuza, ni ya mwaka gani na unataka shilingi ngapi?