Mjadala: Ruta ikiachwa wazi, lawama ni ya mwenye duka, fundi au kampuni ya intaneti?

Fundi wa mitandao, Kampala

Wadau, salaam. Nimefunga mitandao ya maduka na kliniki miaka kadhaa sasa, kutoka Kampala hadi mpakani, na leo naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye duka moja la dawa. Intaneti inakokota, na mlinzi anasema taa za ruta zinapepesa saa nane usiku duka likiwa limefungwa. Nikaingia kwenye ruta. Fayawoli, yaani kichujio kinachoamua mawasiliano gani yapite na yapi yazuiwe, ilikuwa na kanuni kumi na moja, zimepangwa vizuri hadi unatamani kumpa mkono aliyezipanga. Tatizo lilikuwa juu kabisa: kanuni ya kwanza ilisema ruhusu chochote, kutoka popote. Fayawoli husoma kuanzia juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Zile kumi za chini zilikuwa pambo. Aliyeiweka ile ya kwanza ni mimi. Niliiweka siku ya kujaribu kamera, mteja ana haraka, boda inaningoja nje, nikaondoka bila kuifuta.

Kosa ni langu. Hata hivyo nasema wajibu wa kwanza abebeshwe anayeuza intaneti: ruta itoke mikononi mwake ikiwa imefungwa isiingiliwe kutoka nje, nywila ya kiwandani imebadilishwa, na anayetaka kufunguliwa aombe. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inambana anayekusanya na kutunza taarifa za watu, yaani huyo mwenye duka la dawa, ambaye hajui poti, ile milango yenye namba ambayo mawasiliano hupitia, ni mdudu gani. Ile ya 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta inamsaka mwizi, na mwizi yuko ng'ambo. Waingereza tangu Aprili 2024 wamepiga marufuku vifaa kuuzwa vyote vikiwa na nywila moja, na mzigo wamewatwika watengenezaji na waagizaji.

Mfanyakazi wa kampuni ndogo ya intaneti, Jinja

Kaka, unatubwagia mzigo wako. Mtu anayetumia modemu ya laini ya simu kwa kawaida anachangia anwani ya nje, ile namba inayomtambulisha kwenye intaneti, na wenzake wengi. Huwezi kumpigia hodi moja kwa moja kutoka nje. Walio hatarini zaidi ni waliolipia anwani yao ya kudumu, na waliilipia ili wafikike! Nikiwafungia, simu ya ofisi haipumui: "kamera yangu haionekani." Mwisho wa yote namfungulia, tunarudi palepale.

Halafu ruta nyingi ndogo za MikroTik zinatoka kwenye boksi na fayawoli yake. Nyinyi mafundi ndio mnaifuta ili muanze upya. Ule udhaifu wa 2018 wa Winbox, programu ya kusimamia ruta hizo za MikroTik, marekebisho yalitoka Aprili mwaka uleule. Walioumia ni walioacha poti 8291 wazi kwa dunia nzima na hawakusasisha.

Mhasibu wa SACCO, Arua

Mbona fundi umeme anahitaji kibali ndipo aguse waya za nyumba yangu, na anayegusa ruta yenye akiba za wanachama wote anatosha kuwa na laptopu? Pelekeni hili UCC, tume ya mawasiliano. Mafundi wapewe leseni.

Fundi wa mitandao, Kampala

Dada, leseni naikubali, ingawa natabiri itaishia kuwa karatasi ya kulipia kila mwaka.

Wa Jinja, hapo kwa mafundi umenishika, sibishi. Lakini kumbuka Ujerumani, Novemba 2016. Wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom walikatikiwa huduma, na poti iliyolengwa ilikuwa 7547, ile ambayo makampuni huitumia kusimamia ruta za wateja kwa mbali. Mteja angefunga nini pale? Huo ni mlango wenu, hata hajui kama upo. Na hiyo anwani ya kuchangia ni mwavuli wa kuazima. Ikija IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kila kifaa kinaweza kupata anwani yake, na kinachobaki kumkinga mtu ni fayawoli.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Busia

Mnagombana nyinyi, na mlipaji ni mimi. Fundi wangu alichukua 80,000 zake, hakuacha hata karatasi ya kuonyesha amefungua nini, na sasa simu yake haipatikani. Kwenye kompyuta nina mauzo yote na majina ya wanaodaiwa. Haya, nitajuaje kama yangu iko wazi?

Fundi wa mitandao, Kampala

Mzee wangu, kamera unaziona kwenye simu ukiwa nyumbani? Kama ndiyo, ndani ya programu ya kamera huenda kuna namba ya anwani aliyoiandika fundi. Iandike hiyo kwenye kivinjari.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Busia

Umekuja ukurasa wa ruta. Unataka jina na nywila. Nimeweka admin, na chini admin. Nimeingia.

Fundi wa mitandao, Kampala

Ukiwa kwenye waifai ya dukani, hiyo bado si ajabu sana. Zima waifai, washa bando la simu, ujaribu tena.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Busia

Nimeingia.