Plazima yenye chembe sahani nyingi kwa anayetafuta mtoto: je, inasaidia?

Dada wa Sakina (Arusha)
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina umri wa miaka 36 na tumetafuta mtoto kwa muda mrefu. Ultrasaundi inaonyesha kwamba utando wa mfuko wangu wa uzazi haufiki milimita 7, na kwa sababu hiyo upandikizaji wa kiinitete, yaani mimba changa iliyotungishwa maabara, umeahirishwa. Nimeshauriwa nichotwe damu, itengenezwe plazima (majimaji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, yaani PRP, kisha niwekewe kizazini. Gharama yake ni kubwa kwetu. Je, tiba hii inasaidia kweli?

Mkunga Moshi
Pole sana, dada yangu. Damu hiyo huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi chembe nyekundu zijitenge, kisha huchukuliwa sehemu yenye chembe sahani nyingi, kwa kuwa chembe hizo hutoa protini zinazochochea ukuaji wa seli na wa mishipa midogo ya damu. Mwaka 2015 watafiti wa China walieleza kwamba wanawake 5 wenye utando mwembamba walitibiwa hivyo na wakashika mimba. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa, lakini wanawake 5 wasio na kundi la kulinganishwa nalo hawatoshi kuthibitisha tiba, na tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayotofautiana. Mwaka 2023 jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ESHRE, haikuipendekeza kuwa huduma ya kawaida.

Mimi ningeuliza kwanza: kwa nini utando ni mwembamba? Je, uliwahi kusafishwa kizazi? Usafishaji unaweza kuacha makovu, na kifua kikuu cha via vya uzazi, ambacho hapa kwetu hakifai kusahauliwa, huweza kufanya vivyo hivyo. Daktari bingwa akiingiza kamera ndogo kupitia mlango wa kizazi huyaona makovu hayo, na mara nyingi huweza kuyakata papo hapo. Usilipie PRP kabla ya uchunguzi huo.

Baba Njiro
Naongeza kwamba mzee naye apimwe mbegu, kama bado. Kuhusu usalama, damu ni yako mwenyewe, hivyo hatari ya mzio ni ndogo, ila maandalizi yasipokuwa safi yanaweza kuleta maambukizi.

Dada wa Sakina (Arusha)
Ahsanteni sana. Mume wangu alikwishapimwa na majibu yake ni mazuri. Ni kweli nilisafishwa baada ya mimba kuharibika, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo. Je, Mkunga, uchunguzi wa kamera hufanywa siku zipi za mzunguko?

Mkunga Moshi
Mara tu hedhi inapokwisha, kabla yai halijapevuka, kwa sababu wakati huo utando bado ni mwembamba na daktari huona vizuri. Nenda hospitali ya KCMC, huku Moshi, kliniki ya magonjwa ya wanawake, ukiwa na picha zako zote za ultrasaundi, na usiache kumweleza daktari kwamba ulisafishwa.